Pale Besi Inapobaki Peke Yake

Kanisa likikaribia kugawanyika, wa kwanza kujua si mchungaji. Ni Mama Majoho. Wanawake wawili huingia dukani kwake asubuhi, wanajifanya walikuwa wanapita tu, wanashikashika kitambaa hiki na kile, halafu mmoja anauliza kama kijani kinachuja kikifuliwa. Hapo Mama Majoho huweka mkasi chini. Kwaya inayovaa zambarau haina sababu ya kuulizia kijani.

"Hakichuji," huwaambia. "Mmegombana na nani?"

Wanacheka, wanakana, wanaondoka. Baada ya muda wanarudi na wenzao, wanapanga mstari hadi barabarani, kila mmoja akisubiri kupimwa mabega.

Duka ni chumba kimoja chenye mlango wa mbao wa pande mbili. Kuna cherehani ya miguu, cherehani ya umeme, meza ya kukatia iliyochakaa pembeni, na bomba la chuma linalokwenda kutoka ukuta hadi ukuta. Kwenye bomba hilo ndiko Ukristo wa mtaa mzima unakoning'inia. Zambarau yenye kola nyeupe ni ya kanisa la zamani, lile la mnara. Kijani chenye mikono mipana ni cha waliotoka kanisa la mnara. Bluu ni ya waliotoka kwa kijani, waliosema ngoma zimezidi. Rangi ya maziwa yenye utepe mwekundu ni ya waliotoka kwa bluu, waliosema bila ngoma pamepoa mno. Wapo wanaoabudu Jumamosi, ambao nguo zao lazima ziwe tayari Ijumaa kabla jua halijazama, na hawasikii udhuru. Wapo wasiotaka kola kabisa kwa kuwa kola ni ya mapadri, na wapo wanaotaka kola ndefu kuliko ya padri.

Wateja wa zamani hawapimwi tena kwa futi. Mama Majoho amewashonea zambarau, akawashonea kijani, akawashonea bluu, na mabega ni yaleyale. "Simama tu," huwaambia, "mimi nakujua."

"Hawa wote wakipatana, utashona nini?" hutaniwa na muuza vifungo wa duka la jirani.

"Wapatanishe kwanza, tuone."

Hajawahi kumpokea mtu aliyesema anakwenda kuanzisha kanisa la uongo. Kila kundi huja na Biblia ileile chini ya kwapa, na linachokitafuta ni kitu chema: ubatizo ulio sahihi, siku iliyo sahihi, maombi yenye moto, viongozi wasiojipendelea. Na kila kundi likishahama hutaka neno lidariziwe kifuani, upande wa moyo. Linalopendwa kuliko yote ni Umoja. Amelidarizi kwa nyuzi za rangi zote alizo nazo.

Yeye mwenyewe ni wa zambarau. Huimba sauti ya pili, mstari wa pili kutoka mbele, upande wa dirisha. Mume wake ni wa kijani.

Mtaani humwita mume huyo Besi, na hata barua zake hufika kwa jina hilo. Ni fundi kufuli. Ana kibanda karibu na soko, chenye mashine ya kuchongea funguo na ubao uliojaa misumari ya kutundikia funguo zisizo na wenyewe. Ni mtu mwembamba, na mgeni akimsikia akiimba kwa mara ya kwanza hugeuka kumtafuta mtu mwingine, mnene, aliyejificha nyuma yake. Kwa miaka mingi alisimama mstari wa mwisho, moja kwa moja nyuma ya Mama Majoho, na Mama Majoho huieleza sauti ile kwa kugusa katikati ya mabega yake. Ilikuwa inafika hapo kwanza, ndipo ifike masikioni.

"Nilimpenda kwa mgongo," husema. "Sura yake nilikuja kuizoea baadaye."

Kanisa la mnara liligawanyika miaka sita iliyopita. Mchungaji msaidizi, kijana aliyekuwa amerudi kutoka masomoni, alianza kufundisha kwamba anayebatizwa lazima awe ameamua mwenyewe, na lazima maji yamfunike mzima. Waliobatizwa wachanga, kwa kunyunyiziwa, ilibidi warudie. Wazee wa kanisa walisema kurudia ubatizo ni kuutemea mate ule wa kwanza. Pande zote mbili zilikuwa na aya za Biblia, na baadhi ya aya zilikuwa zilezile. Hiyo ndiyo sababu inayotajwa. Isiyotajwa ni kwamba uchaguzi wa mwenyekiti wa wazee ulikuwa umekaribia, na wagombea wawili walikuwa wamekaa ng'ambo mbili za maji hayo. Ukiuliza kipi kilitangulia, maji au kiti, utapata majibu mengi kama majoho yaliyoko kwenye bomba.

Besi hakuwa na neno juu ya maji. Ila Jumatatu moja Mzee Mwenyekiti, aliyekuwa ameshinda uchaguzi, alifika kibandani akamtaka abadilishe kitasa cha mlango wa kanisa, ili wale wengine wasiingie tena kufanya maombi yao ya jioni. Besi alifuta mikono kwa tambara.

"Mzee, siwezi kumfungia nje mtu niliyesimama naye bega kwa bega."

Alitafutwa fundi mwingine, ambaye, kama Besi anavyolalamika hadi leo, alikiweka kitasa kichwa chini. Jumapili iliyofuata Besi alisimama nje ya mlango pamoja na waliofungiwa. Besi zote zikamfuata. Ukimuuliza habari za ubatizo atakwambia kamuulize mchungaji. Yeye alitoka kwa ajili ya kitasa.

Lakini huko alikokwenda ilibidi azamishwe, naye akakubali. Alirudi nyumbani adhuhuri, shati likiwa limemgandia mgongoni.

"Umepata nini huko majini?" Mama Majoho alimuuliza.

"Mafua."

Mkewe alicheka, ingawa alikuwa ameapa kununa siku nzima. Kisha Besi akasema, taratibu, "Twende wote, mama. Ni kuzama na kuibuka tu, halafu tunakuwa pamoja." Kicheko kikaisha.

Mama Majoho alibatizwa mchanga, mikononi mwa mama yake, aliyefariki kabla mtoto hajaweza kuikumbuka sura yake. Hana picha. Alichonacho ni masimulizi ya watu waliokuwepo: kwamba mama yule alikuwa tayari mgonjwa, kwamba alimbeba mwenyewe hadi mbele ya kanisa la mnara, na kwamba shangazi aliponyoosha mikono kumpokea mtoto, mama alikataa.

"Nikizama," alimwambia mume wake, "nitakuwa nimesema siku ile mama hakufanya kitu."

Besi hakuuliza tena. Hivyo nyumba yao iligawanyika kwa mambo mawili ambayo hayamo katika mahubiri ya kanisa lolote: kitasa, na mikono ya mama.

Jumapili wanakunywa chai ya birika moja. Mama Majoho ndiye anayepiga pasi joho la kijani, na ndiye aliyelishona, maana hakuna fundi mwingine anayejua kwamba bega la kushoto la Besi limeshuka kidogo. Joho lake la zamani la zambarau lingekuwa limeshakatwa likawa nguo za watoto wa kwaya. Wazee waliagiza majoho yote yaliyorudishwa yafanywe hivyo. Hilo moja Mama Majoho alisema limeliwa na nondo. Liko mwisho kabisa wa bomba, ndani ya mfuko wa plastiki, na hakuna nondo aliyewahi kuligusa.

Wanatoka kwa lango moja na wanatembea njia moja, kwa sababu watu wa kijani walikodi ghala la zamani lililo mkabala na kanisa la mnara. Wanafika katikati ya barabara.

"Haya," anasema Besi.

"Haya," anasema mkewe.

Mmoja anakwenda kushoto, mmoja kulia.

Ghala lina vipaza sauti juu ya mlango. Kanisa la mnara nalo likanunua vyake, ili kujibu, na kila Jumapili mahubiri mawili hukutana katikati ya barabara na hakuna mpita njia anayeambulia hata moja. Lakini umeme ukikatika vyote hunyamaza. Hapo, upande wa dirisha, mstari wa pili, Mama Majoho humsikia. Husikia besi moja tu kati ya besi zote, ikivuka barabara bila msaada wa waya. Zipo Jumapili amejikuta akiomba umeme ukatike, kisha akatubu, maana kuna wagonjwa hospitalini.

Kitu kimoja pande zote mbili hazikukigawa: wimbo. Ulitungwa na mwalimu wa kwaya wa kanisa la mnara, mtu mfupi, mkali, aliyekuwa akiwarushia chaki wanaochelewa kuingia. Katika kila ubeti wa wimbo huo kuna mahali sauti nyingine zote hunyamaza, na besi hubaki peke yake, ikishuka polepole kama mtu anayeteremka ngazi akiwa na taa mkononi. Akifika chini, ndipo wengine humpokea.

Jumapili ya kwanza baada ya mgawanyiko, kwaya ya zambarau ilifika mahali hapo na hapakuwa na mtu wa kuteremka. Watu wakakohoa. Mama Majoho akaichukua sehemu ile mwenyewe, juu, kwa sauti yake ya pili, na wenzake wakamfuata. Hakumbuki kuamua. Tangu siku hiyo ndivyo wanavyoimba, na wanakwaya waliojiunga baadaye wanadhani ndivyo wimbo ulivyotungwa.

Mwalimu mwenyewe alikataa kuchagua upande. Alikwenda Jumapili moja huku, moja kule, hadi zambarau wakamwita mpelelezi na kijani wakamwita vuguvugu. Mwishowe akawa anabaki nyumbani. Mwaka huu alifariki, na mjane wake akatuma ujumbe mmoja kwa kwaya zote mbili: wimbo wa mume wake una sauti nne, na hataki kwaya mbili kaburini. Wakija mbili, wataimbia njiani.

Kikao kilifanyika dukani kwa Mama Majoho, kwa sababu zambarau hawakutaka kukanyaga ghalani na kijani hawakutaka kupita kwenye kile kitasa. Kwa zambarau alikuja Mzee Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, akakalia kiti cha wateja. Kwa kijani alikuja kiongozi wa kwaya yao, dada yake Besi, yaani wifi wa mwenye duka. Wifi alikataa kiti. Alisimama karibu na majoho ya kijani kama mtu anayelinda nguo kwenye kamba.

"Sisi tutavaa zambarau," Mzee alianza. "Marehemu alifundisha zambarau kabla kijani hakijazaliwa."

"Kijani hakikuzaliwa, mzee. Kilifungiwa mlango."

"Mlango ulikuwa wa kanisa."

"Na sisi tulikuwa nani? Wapangaji?"

Mama Majoho alikata uzi kwa meno. "Humu ndani anayetaka kugombana atanisaidia kupiga pasi."

"Wewe wifi nyamaza, unakula pande zote. Ungekuwa na nia njema ungewashonea hao zambarau yenye mikono inayobana, wakashindwa kuinyanyua."

"Na yako nimeshaipanua mara mbili, wifi yangu. Nia njema ikizidi hapo itabidi nishone hema."

Mzee Mwenyekiti akakohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi kilivyohitaji. Alipopata sauti alisema tatizo halikuwa nguo peke yake. Wazee hawangeweza kuruhusu ibada ya pamoja na watu wanaobatiza waliokwisha kubatizwa. Wifi akasema kwao nako hawawezi kuitikia amina kwa sala ya watu wanaohesabu matone.

"Kaburini kuna wa kubatizwa?" Mama Majoho aliuliza.

 Ikaonekana pia kwamba makaburi ni ya mji, si ya kanisa lolote. Wakakubaliana polepole, kama watu wanaobeba kabati kwenye ngazi: sala kila mmoja atasali kimoyomoyo, wimbo utaimbwa pamoja, na kila mtu atakuja na nguo zake za nyumbani, kama siku za mazoezi, marehemu alivyowazoea. Zikabaki saa chache za kufanya mazoezi yenyewe, na kila upande ukataka yafanyike kwake.

"Kwani nani haujui wimbo ule?" akasema Wifi.

"Tunaujua wote," akasema Mzee.

Ndilo jambo pekee walilokubaliana bila kuvutana, na ndipo walipokosea.

Asubuhi ya mazishi Mama Majoho alimfunga mume wake kifungo cha shati. "Utasimama wapi?"

"Kwani nafasi yangu iko wapi?"

"Nyuma yangu."

"Basi."

Walisimama upande wa juu wa kaburi. Bila majoho ilikuwa vigumu kujua nani ni wa wapi, na watu wakajipanga kwa mazoea ya zamani, kila mmoja akiangalia chini kutafuta pa kuweka miguu. Mama Majoho alisikia harufu ya mafuta ya kulainishia vitasa nyuma ya shingo yake. Wimbo ukaanza. Ile sauti ikafika katikati ya mabega, pale pale, na hakugeuka, ingawa alitaka kugeuka kuliko alivyotaka kitu chochote kwa siku nyingi. Alikuwa akisubiri mahali pale. Kwa miaka sita alikuwa akipasubiri.

Pakafika. Sauti nyingine zikanyamaza. Mama Majoho akafungua kinywa na kupaimba.

Koo lilikuwa limeshazoea. Wenzake wa sauti ya pili wakamfuata, kama kila Jumapili. Nyuma yake Besi alikuwa ameshaanza ngazi ya kwanza. Alipomsikia mkewe, akanyamaza, na besi nyingine zikanyamaza pamoja naye. Ni mtu ambaye kazi yake ni milango, na hasukumi ule ambao tayari una mtu ndani.

Ubeti wa pili Mama Majoho aliuma midomo, na kwa mkono chini ya kanga yake akawaashiria wenzake watulie. Pakafika tena. Besi, aliyekuwa amejifunza kutoka ubeti wa kwanza, akamwachia. Hakuimba mtu. Yalisikika makoleo mawili yakigusana mahali wachimbaji walipokuwa wakisubiri. Mjane aliinua kichwa. Kisha wengine wakaingia, na kwa kuwa wimbo una beti mbili tu, ukaisha.

Nyumbani Besi alikaa kizingitini kuvua viatu.

"Nilikuachia," alisema.

"Na mimi nilikuachia wewe."

"Mara ya kwanza hukuniachia."

"Mara ya kwanza sikuwa mimi. Lilikuwa koo."

Besi alishika kiatu kimoja mkononi bila kukiweka chini. "Ndivyo mnavyouimba siku zote hizi?"

"Tangu Jumapili ya kwanza."

"Kwa nini?"

"Palikuwa kimya."

Besi aliigeuza soli ya kiatu, akaikagua kama ufunguo. "Mnaimba vizuri. Juu kidogo."

"Ni juu kwa sababu si yangu," alisema mkewe, akaingia ndani kuwasha jiko.

Kwenye mazoezi yaliyofuata ya kwaya ya zambarau, Mama Majoho aliomba neno. Alisema sehemu ile waiache wazi. Wafike, wanyamaze kwa urefu wake wote, kisha waendelee. Mzee Mwenyekiti alitaka kujua kama alikuwa amesikia vizuri.

"Tuache tundu katikati ya wimbo? Watu watauliza."

"Waambieni besi zetu ziko ng'ambo ya barabara."

"Hiyo ni sawa na kumtengea sahani mtu aliyehama."

"Ndiyo, mzee," alisema. "Ni sawa na hiyo."

Mzee aliangalia dirisha, akaangalia mlango na kitasa chake. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana, na kwaya ikachukulia kwamba ameruhusu.

Jumapili iliyofuata walitembea pamoja kama kawaida. Katikati ya barabara Mama Majoho alimwekea sawa kola ya kijani, ambayo haikuwa imeharibika.

"Leo tunauimba wa mwalimu. Baada ya mahubiri. Pale pako tutapaacha wazi."

"Saa hiyo sisi tuko kwenye maombi."

"Najua."

"Haya," alisema Besi.

"Haya."

Umeme ulikuwepo. Vipaza sauti vya ghala vilikuwa vikiombea wagonjwa, wasafiri na wanafunzi, vyote kwa pamoja, kiasi kwamba vioo vya kanisa la mnara vilikuwa vikitetemeka. Kwaya ya zambarau ilisimama, ikaimba, ikafika mahali pale, ikanyamaza. Waumini wakatazamana. Mtoto akauliza kitu, akanyamazishwa.

Kupitia dirishani Mama Majoho aliona mlango wa ghala ukifunguka. Besi alitoka, akasimama kwenye ngazi ya juu akiwa na joho lake, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, uso umeelekea huku. Hakuvuka. Kidevu chake kilianza kushuka kuelekea kifuani, kama kinavyoshuka kila anapokwenda chini, na kinywa chake kilikuwa wazi. Kipaza sauti kilichokuwa juu ya kichwa chake kilimeza kila kitu. Mama Majoho hakusikia hata sauti moja ya mume wake. Aliangalia kidevu tu, kikiteremka ngazi moja baada ya nyingine, na kilipofika chini akavuta pumzi, akaingia na wenzake.